Uzi: Maisha ya kaunti ya shamba Marekani. Miaka sita Adair, Missouri

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Kila wiki humu kuna mtu anauliza "Marekani jimbo gani zuri?" na majibu ni yale yale: Texas, Minnesota, Maryland, Ohio. Sijaona anayetaja kaunti, yaani maeneo ambayo jimbo limegawanywa, kama wilaya kwetu. Na kumbe jimbo ni jina tu, unakoishi kila siku ni kwenye kaunti. Mimi nipo shamba, na kuna mambo natamani ningeambiwa kabla sijapanda ndege, kwa hiyo leo nayaandika.

Naishi kaunti ya Adair, kaskazini mashariki mwa Missouri. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,100, Missouri peke yake ina 114. Sensa ya 2020 ilihesabu hapa watu 25,314, na kati yao 17,530 wanakaa Kirksville, mji ambao ndio makao ya kaunti. Waliobaki wametawanyika kwenye mashamba ya mahindi, soya na malisho ya ng'ombe. Toka mjini dakika tano kwa gari, umeshaingia kwenye giza. Taa moja hapa, nyingine kule mbali, kama mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ziwani usiku.

Mimi ni mtu wa Kasulu. Nilifika hapa kwa sababu moja: kuna Mkongo tuliyefahamiana Kigoma mjini zamani, yeye alitangulia. Wakongo wako wengi Kirksville, wengi wamekuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, na wengi wanafanya kazi kiwanda cha nyama ya nguruwe kilichopo Milan, kaunti jirani ya Sullivan, kama maili 30 magharibi. (Wenyeji wanatamka "Mailan", ukisema kama ule mji wa Italia hawakuelewi.) Lugha zao kubwa ni Lingala na Kifaransa, ila wa Kivu na Katanga tunaongea nao Kiswahili. Siku ya kwanza nilipoingia duka lao nikakuta unga wa muhogo na samaki wakavu, mama mwenye duka akaniambia "karibu, mwanangu", nilibaki nimeshika kikapu tu.

Ninalotaka kusema ni hili. Umaskini wa huku hauko kwenye chakula wala paa la nyumba, vyote hivyo vinapatikana. Umaskini wa huku ni umbali. Asiye na gari, au asiye na mtu mwenye gari, huyo ni maskini hata kama ana dola mfukoni. Hakuna bodaboda, hakuna daladala, hakuna wa kumwita dirishani. Mjini kuna vibasi vichache, na vijijini kuna shirika lisilo la faida linaitwa OATS ambalo lina magari ya kuwapeleka watu hospitali na dukani, lakini lazima upige simu mapema na uende kwa ratiba yao. Shifti ya usiku huwezi kuijenga juu ya hilo.

Kwa hiyo kila mgeni anakimbilia gari, na hapo ndipo wengi tunapoumia. Mimi sikuwa na historia ya mikopo, nikaenda kwenye duka moja la magari yaliyotumika, sitalitaja. Nikasaini karatasi nisizozielewa. Riba asilimia 24. Gari la miaka kumi na mbili nimelilipia karibu mara mbili. Ushauri wangu wa dhati: miezi sita ya kwanza ingia kwenye gari la mwenzio, changia mafuta, jibane, halafu nunua kagari ka bei ndogo kwa fedha taslimu.

Na ukishalinunua, jua kwamba Missouri gari ni mali, na mali inalipiwa kodi kila mwaka kama nyumba. Mthamini wa kaunti anakadiria thamani yake, kodi inatozwa kwenye theluthi moja ya thamani hiyo, na mwisho wa kulipa ni tarehe 31 Desemba. Bila risiti hupewi stika mpya ya namba ya gari. Mgeni ambaye hakuwa na gari Missouri tarehe 1 Januari ya mwaka huo anatakiwa aende kwa mthamini apewe cheti kwamba hadaiwi. Hili hakuna aliyeniambia. Nilizungushwa ofisi kwa ofisi siku mbili nzima nikiwa nimetoka kazini bila kulala.

Nitaendelea, ngoja nipumzike kidogo. Karibuni kwa maswali.

#2 Mdau wa Mbeya

Mkuu asante sana kwa uzi. Nina ndugu huko huko Missouri ananiita, mambo ya karatasi yanaendelea. Tuambie kodi ya nyumba na mshahara, mtu anabaki na nini?

#3 Mleta uzi

Mkuu, kwa upande wa nyumba shamba linatubeba. Napanga nyumba ya vyumba vitatu kwa dola 850, ina ua na sehemu ya bustani. Jamaa yangu yuko mji mkubwa wa pwani ya mashariki, hela hiyo haimpatii hata chumba kimoja. Mshahara: wapiga kura wa Missouri walipitisha Novemba 2024 kwamba kima cha chini kipande hadi dola 15 kwa saa kuanzia Januari 2026. Viwanda vya nyama na nyumba za kulea wazee kwa kawaida wanalipa zaidi ya hapo, kwa sababu watu hawatoshi.

Mimi nalea wazee. Hapa mafunzo ya muuguzi msaidizi ni saa 75 za darasani na 100 za vitendo, halafu mtihani. Niliyafanya Kiingereza changu kikiwa bado cha kubabaisha, na nilifaulu. Nawaambia hasa dada zetu: hiyo njia ipo.

Kinachokula hela ni baridi. Nyumba nyingi za bei nafuu ni za zamani, za mbao, upepo unapita madirishani. Ndani ya mji kuna gesi ya bomba, lakini ukikaa nje unakuwa na tangi kubwa jeupe la gesi uani, na lori linakuja kujaza. Wenyeji wanajaza kiangazi bei ikiwa chini. Mimi mwaka wa kwanza nilisubiri Desemba, nikajaza kwa bei ya juu, na Februari ikaisha. Tulilala watu wanne chumba kimoja na hita ya umeme, wanangu wamevaa makoti kitandani. Mke wangu hakusema neno, na ukimya wake ule nausikia mpaka leo.

Sasa nizungumzie baridi yenyewe, maana picha za theluji mnazoziona ni nzuri kuliko kitu chenyewe.

Januari moja nilitoka shifti ya usiku kaunti ya jirani, saa kumi na mbili asubuhi, bado giza. Njia yangu ni barabara namba 6, ile inayotoka Milan ikipita Green City na Novinger hadi Kirksville. Nyuzi 22 chini ya sifuri, za Selsiasi. Kioo cha mbele kikaanza kuganda kwa nje, nikasimama pembeni kukikwangua, gari likazima. Nikawasha, likagugumia mara moja, kimya. Simu haina mtandao. Nilikuwa na koti, sina glovu za maana. Ndani ya dakika kumi vidole vya miguu sikuvisikia tena, na nikaanza kupata usingizi, usingizi mtamu usio wa kawaida.

Likaja pikapu limebeba bunda moja kubwa la majani makavu, yale ya mviringo. Akashuka mzee. Hakuniuliza natoka nchi gani. Aliuliza: "Umekaa hapa muda gani?" Akavua glovu moja kwa meno, akafungua boneti yangu, akaunga waya za kubusti. Vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwenye maungio, mistari myeusi ya grisi imeingia ndani ya nyufa. Aliniingiza kwenye gari lake wakati betri inachaji, na mle ndani kulikuwa na harufu ya zizi, maziwa na majani yaliyolowa. Nikamkumbuka marehemu baba yangu anavyonukia akitoka kukamua. Nililia, wakuu, naandika bila kuona haya. Mzee akatazama mbele tu, akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa.

Gari lilipowaka akanifuata nyuma taratibu mpaka Novinger, akapiga honi, akageuza kurudi kwa ng'ombe wake.

Tangu siku ile buti la gari langu lina blanketi mbili, waya za kubusti, koleo, tochi, maji na biskuti. Kila Mwafrika anayehamia hapa nampa waya za kubusti. Ndiyo zawadi yangu ya ukaribisho.

#4 Dada wa Moro

Pole na hongera kaka. Mimi mume wangu yuko huko Marekani jimbo lingine, naye ni shamba hivyo hivyo, nami natarajia kumfuata. Hospitali zikoje? Nina watoto wadogo na nataka kuzaa tena.

#5 Mleta uzi

Dada, hili ndilo swali kubwa, na nakuomba ulisome mara mbili.

Kirksville tuna bahati ambayo kaunti nyingi za shamba hazina. Huu ndio mji ambako Andrew Taylor Still alianzisha mwaka 1892 chuo cha kwanza duniani cha udaktari wa osteopathia (tiba inayotilia mkazo mifupa na misuli), na chuo kipo hadi leo, kwa hiyo madaktari wanafunzi wapo na hospitali ipo. Lakini ugonjwa mkubwa, mtoto njiti, upasuaji mgumu, unapelekwa Columbia, maili kama 90 kusini. Kukiwa na barafu barabarani, au hali ikiwa mbaya, inaitwa helikopta. Na kote vijijini Marekani hospitali zinafungwa, zaidi ya 100 tangu 2010, na wodi za wazazi ndizo zinazotangulia kufungwa hata pale hospitali inapobaki. Kwa hiyo muulize mume wako swali moja: wodi ya kujifungulia iliyo karibu iko maili ngapi? Usikubali jibu la "ipo karibu". Taka namba.

Mtoto wetu wa mwisho alizaliwa Machi. Uchungu ulianza theluji inaanguka, nikaendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, mke wangu ameshika mpini wa mlango anasoma zaburi. Tulifika salama. Kilichotuvunja ni bili zilizokuja baadaye, moja ya hospitali, nyingine ya daktari wa ganzi, nyingine ya maabara, kila moja bahasha yake. Nilianza kulipa kidogo kidogo kwa hofu, mpaka mfanyakazi mwenzangu akaniambia hospitali zisizo za faida zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu wa msaada wa fedha kwa wenye kipato kidogo. Nikaomba fomu, nikajaza, sehemu kubwa ikafutwa. Hakuna aliyenitajia fomu ile pale kaunta. Iulizie wewe mwenyewe, kwa jina, tena kabla hujalipa senti.

Na jueni kwamba bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, kwa watu wazima wengi wenye grini kadi, inasubiriwa miaka mitano. Wanaokuja kama wakimbizi wana utaratibu wao. Kwa hiyo tafuta kazi yenye bima, hata kama inalipa dola moja pungufu.

#6 Mtu wa Uvira, yuko Iowa

Ndugu yangu umesema kweli tupu. Mimi niko mtu wa Uvira, nilifanya kazi ya nyama miaka minne hapa Iowa. Wanaotaka kuja kwa kazi hiyo wasikilize. Feza inakuja, siwezi kusema uongo, nilijengea mama nyumba. Lakini mkono ndio mtaji wako. Unakata kipande kile kile, siku nzima, ndani ya baridi. Usiku vidole vinakunjika, asubuhi havikunjuki. Mzee mmoja wa Bukavu alinifundisha: kisu kikali ndiyo mapumziko ya mkono, kisu butu kinakuzeesha. Alikuwa ananinolea chake kwanza. Na umetoka kazini, tia mikono kwenye maji ya vuguvugu, usiende kulala hivi hivi. Ukisikia ganzi kwenye kiganja, mwambie nesi wa kazi siku ile ile, waandike. Wengi wetu tulinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, leo wanashindwa kushika kikombe.

#7 Mleta uzi

Ubarikiwe kaka wa Uvira. Wapo jirani zangu wanne wanaopanda gari moja kwenda Milan, nami naona mikono yao kanisani. Hilo la kisu nitawapelekea kama lilivyo.

#8 Mdau wa Eldoret

Mzee, mimi ni mkulima. Niambie hao wakulima wa hapo wana ekari ngapi, na mbona wanahitaji wageni kufanya kazi na ni kwao?

#9 Mleta uzi

Swali zuri sana ndugu. Watu waliondoka. Chukua hiyo kaunti ya Sullivan yenye kiwanda cha nyama: mwaka 1900 ilikuwa na watu zaidi ya 20,000. Sensa ya 2020 imekuta 5,999. Trekta moja na mashine moja ya kuvunia vinafanya kazi ya kijiji kizima. Familia moja inalima ekari mia kadhaa, wengine elfu na zaidi, na watoto wao wanakwenda Kansas City au St. Louis hawarudi. Ukipita barabara za changarawe (za jimbo huku zina majina ya herufi, barabara B, barabara P, ukipotea unaelekezwa kwa herufi) unakuta nyumba imeegemea upande mmoja, mti umeota sebuleni, na makaburi ya familia nyuma yake yamekatwa majani vizuri. Kuna mtu bado anakuja kuyakata. Hayo makaburi yananigusa kuliko kitu kingine chochote hapa.

Kwa sababu watu ni wachache, kila kitu kinabebwa na wachache. Zimamoto wa vijijini ni wakulima wanaojitolea. Wilaya nyingi ndogo za shule Missouri, karibu theluthi moja ya zote jimboni, zimehamia wiki ya siku nne za masomo, sababu kubwa wanayoitaja ni kupata na kubakiza walimu. Sherifu, mthamini, mkusanya kodi, wote wanapigiwa kura, na wote utakutana nao dukani. Ukiwa na tatizo unaweza kusimama na mthamini kwenye foleni ya Walmart ukamweleza.

Nenda mnada wa mifugo siku moja, wewe mkulima utapenda. Dalali anaimba bei kwa kasi mpaka unadhani ni ugonjwa, wazee wamekaa kwenye ngazi za mbao na kofia zao, anayenunua anatingisha kidole tu. Mbuzi tunawanunua hapo kwa ajili ya Krismasi na harusi. Mara ya kwanza nilikuna sikio, dalali akanihesabia, mzee wa jirani akanyoosha mkono akamwambia "hapana, huyu bado anajifunza". Na Julai kuna maonyesho ya NEMO (kifupi cha kaskazini mashariki mwa Missouri) hapa Kirksville, watoto wa shule wanaleta nguruwe na ndama waliowalea wenyewe. Nimemwona binti wa kama miaka kumi analia amekumbatia shingo ya ndama wake aliyeuzwa. Nilidhani hawa watu wanafuga kwa mashine tu. Sivyo.

Novemba ni msimu wa kulungu. Shule na kazi zinapungua watu. Ukitembea karibu na msitu vaa rangi ya chungwa, ni usalama wako. Wanaowinda wengi wanagawa nyama kupitia mpango wa jimbo unaoitwa Share the Harvest, inakwenda kwa familia zenye uhitaji. Sisi tunapika kwa nazi ya kopo na pilipili, na jirani yangu Mmarekani sasa anatuletea paja zima akisema "nitengenezee ile yenu".

#10 Mdau wa Dar

Mkuu hujagusa ubaguzi. Shamba la Marekani na ngozi yetu, kweli mnaishi?

#11 Mleta uzi

Tunaishi, na nitajibu bila kupamba. Kaunti hii inawapigia Republican kura kwa wingi, na yapo mabango barabarani yanayokwambia hutakiwi. Nimeshapigiwa kelele na vijana ndani ya gari mara mbili katika miaka sita. Mwanangu aliulizwa shuleni kama kwao wanalala juu ya miti, akarudi nyumbani akakataa kula. Nilikwenda shule nikakaa na mwalimu, akaomba mke wangu aje asimulie darasani kuhusu Ziwa Tanganyika. Alikwenda na kitenge chake na dagaa kwenye mfuko. Watoto wakanusa, wakakimbia, wakarudi kunusa tena. Haikumaliza kila kitu, ila mwanangu alianza kula.

Kuna jambo nimelipima kwa muda: mtu yule yule mwenye bango baya ndiye anayeweza kusimama ukiwa umekwama. Siwezi kukuambia yapi kati ya hayo mawili ndiyo moyo wake. Nimeacha kuamua. Namsalimu, na waya zangu za kubusti ninazo.

Kinachouma zaidi ya hayo ni misiba. Mama yangu alifariki mwaka wangu wa tatu hapa. Kasulu wanazika, mimi nasikiliza kwa simu, mtandao unakatika kila wakifika kwenye wimbo. Kufika nyumbani ingekuwa kama saa tatu za gari mpaka Kansas City au St. Louis, halafu ndege tatu, na fedha sikuwa nazo. Wakongo wakaja wote usiku ule, wakakalia sakafu kama tunavyokalia kwetu. Asubuhi nikafungua mlango, nikakuta pale kwenye ngazi chombo cha kioo kimefunikwa kwa karatasi ya fedha, chakula cha viazi na jibini, bado cha moto, bila jina. Nimekirudisha hicho chombo kwa kuuliza nyumba moja moja. Ilikuwa nyumba ya nne.

#12 Mdau wa Mbeya

Mkuu nimesoma mpaka hapa nimenyamaza. Karatasi zikikamilika nitapita wapi kufika kwenu? Huyo ndugu yangu yupo mbali na hapo, kama saa tatu za gari, ningependa kuja kuona kwanza kabla sijaamua.

#13 Mleta uzi

Njoo. Ukishuka Chicago, usihangaike na ndege ndogo. Panda treni ya Southwest Chief, ile inayokwenda Los Angeles, inasimama La Plata mara moja kwa siku, inafika jioni. La Plata ni maili kama 12 kutoka kwangu, na hakuna teksi pale, stesheni yenyewe ni kajengo kadogo, na ukishuka utabaki na masanduku yako na giza. Kwa hiyo usije bila kuniandikia. Nitumie tarehe tu, nitakuwa nimeegesha pale kabla treni haijafika, gari linawaka, hita imewashwa.